Nilivyofungua bootloader ya simu ya baba mkwe bila kumtazama usoni

Wakuu, mugonile, habari zenu.

Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Kyela mjini. Mume wangu yumo humu jukwaani, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua yeye mwenyewe.

Baba mkwe yuko Talatala, mkulima wa mpunga na kakao, mzee wa kanisa. Alinunua smartphone pale Kasumulu mpakani kwa mfanyabiashara anayeingiza mizigo kupitia Malawi. Simu kali, kamera safi, ila ni toleo la soko la China. Play Store hakuna. Kiswahili hakuna.

Nikashauri, kupitia mama mkwe, tuweke English. Akajibu kwamba hawezi kukikimbia Kichina akaangukie Kiingereza.

Jumapili moja akabonyeza mahali bila kujua, ile sauti ya kusoma screen ikawaka. Katikati ya maombi ya kimya, mwanamke akaanza kusoma Kichina mfukoni mwa mzee wa kanisa, na kila alipojaribu kumzima ndivyo alivyozidi kusoma. Mgeni mmoja akadhani ni kunena kwa lugha, akaitikia amina.

Jioni mama mkwe akanipigia. "Baba yako anasema iongee Kiswahili, la sivyo anaitupa mto Songwe."

Kuitupa ingekuwa balaa. Wifi yangu ameolewa Karonga, ng'ambo Malawi, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na baba alikuwa anamwona kwa simu hiyo hiyo.

Nikamwambia mama dawa ipo: tunafungua bootloader, lile kufuli la kiwandani, tunaweka custom ROM, mfumo mwingine wenye Kiswahili. Nikabeba laptop na waya, nikaenda.

Sasa ngoja niwaeleze wasio wa huku. Sisi Wanyakyusa tuna kitu kinaitwa ukutila. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, akikutana naye njiani anapinda. Familia nyingi zimeacha. Hii niliyoolewa haijaacha. Tangu niolewe nilikuwa namjua baba mkwe kwa kikohozi na kwa mgongo.

Kwa hiyo mimi nikakaa jikoni, jiko la nje. Yeye sebuleni. Mama mkwe katikati.

Kila hatua simu inadai PIN. Baba PIN anaijua, ila hamtajii mtu, hata mkewe. Namba ya siri ni ya siri. Basi mama anapeleka simu, baba anaandika, mama anarudi mbio uani, akifika kwangu kioo kimeshazima na simu imejifunga tena.

Nikamwambia, "Mama, shika kidole kwenye kioo usiiachie izime."

Akashika. Alivyofika jikoni alikuwa ameshampigia mchungaji.

Mwishowe tukaenda dirishani. Nikasimama nje, uso nimeugeuzia migomba, nikapenyeza mkono ndani na simu kama mtu anayeomba sadaka. Baba akaandika PIN simu ikiwa kiganjani mwangu. Nikavuta mkono, nikawasha OEM unlocking, ile ruhusa ya kufungua kufuli, papo hapo.

Kampuni iliyoitengeneza nayo inakusubirisha siku kadhaa baada ya kuomba ruhusa. Baba kila asubuhi anamtuma mama anipigie kuniuliza, "Kwani hii simu nimenunua au nimeazimwa?"

Ruhusa ikatoka, nikarudi Talatala. Kabla ya kufungua nikafanya kama inavyotakiwa. Nikamwambia mama, "Mwambie baba kila kitu kitafutwa."

Mama akaenda, akarudi. "Amekubali. Anasema afute tu, imechafuka sana."

Mimi nikaelewa imejaa mafaili. Nikafungua, nikaflash mfumo mpya.

Ikakwama kwenye logo. Ikajizima, ikawaka, ikakwama tena. Mama akaacha kuchambua mchele akaanza kuomba kwa Kinyakyusa. Nikiua simu ya mzee huyu, hata kikohozi chake sitakisikia tena.

Nikarudia wipe, kuifuta yote, nikaflash upya. Ikawaka. "Karibu."

Mama akaipeleka ndani, nikamsikia baba akicheka. Mama akapitiliza kuchota maji.

Halafu sauti ya baba ikatokea dirishani. Kwa kuwa mama hakuwepo, na mimi haruhusiwi kunisemesha, akamsemesha bata aliyekuwa anapita uani.

"Wewe bata. Picha za dume langu ziko wapi?"

Dume lenyewe la ng'ombe nalijua. Lilichinjwa kwenye msiba wa kaka yake, na picha ndizo zilizokuwa zimebaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alidhani naifuta vumbi.

Nikageukia ukuta. "Bata, mwambie baba zimefutika. Nilimtuma mama amwambie."

"Bata, mimi niliambiwa simu inafutwa. Nikajua kwa kitambaa."

"Bata, naomba baba anisamehe."

Bata akaondoka zake, tukabaki hatuna wa kumsemesha.

Mama aliporudi na ndoo alitukuta hivyo hivyo, kila mtu upande wake wa ukuta. Nilipomweleza akasema, "Si alikuwa anamtumia wifi yako?"

Nikampigia wifi Karonga. Akaguna. "Dada, baba amenitumia ng'ombe kila asubuhi tangu anunue simu. Ninazo zote. Zimejaza simu yangu." Akazirudisha zote, dume la mbele, la ubavu, la nyuma. Nilisikia baba anazihesabu moja moja, kila picha na malisho ilipopigwa.

Ila kesi ikabaki. Familia ikakaa, ikajadili kama tumevunja mwiko. Shangazi wa mume wangu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, akaamua kwamba bata si mtu, kwa hiyo hakuna aliyesema na mwenzake. Na alipoulizwa kuhusu meseji, akasema maandishi hayana uso wala sauti. Yanaruhusiwa.

Siku chache baadaye niko kibandani, meseji ikaingia. Namba ya baba mkwe.

"Mwanangu, simu inasema kuna toleo jipya. Nibonyeze au nisibonyeze?"

Nikakaa chini kwanza. Ndipo nikamwandikia neno la kwanza maishani mwangu nililowahi kumwambia yule mzee moja kwa moja.

"Usibonyeze, baba."

Akajibu, "Ndaga." Asante ya kwetu hiyo.

Wakuu, nilichojifunza: backup kwanza, na ukiwa na mteja mwambie "picha zako zitapotea", usimwambie "itafutwa". Mafundi wenzangu mnalielezaje hili kwa wazee? Na waliooa au kuolewa huku kwetu: voice note mnaihesabu ni maandishi au ni sauti? Shangazi amesema anatafakari.