Indiketa ya Kushoto

Kwanza niliisikia indiketa. Nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, uso nimeufunika kwa khanga ya mama kujikinga na jua, nikasikia tik, tak, tik, tak, polepole, kama mtu anayegonga kucha mezani akisubiri chai. Nilijua hata kabla ya kufumbua macho kwamba hatukati kona. Jangwani pale hapakuwa na kona yoyote.

"Mpishe huyo wa nyuma, ana haraka," mama alisema.

"Si ndiyo nampisha," baba alijibu, mikono kwenye usukani.

Kabla hatujahamia Toronto, baba aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Singida. Kule dereva wa mbele ndiye macho ya dereva wa nyuma. Akiona njia nyeupe huwasha indiketa ya kushoto na kujisogeza pembeni: pita, ndugu yangu. Akiona gari linakuja huwasha ya kulia: subiri. Nayajua haya vizuri. Riwaya yangu ya kwanza ina kurasa tatu nzima za madereva wanaozungumza kwa taa, na ndizo kurasa ambazo watu walizisifu kuliko zote. Riwaya ilipotoka nikaahidi kumleta baba kwenye barabara hii kongwe ya jangwani, Marekani. Picha ya barabara hiyo, yenye kituo cha mafuta cha zamani, baba aliikata kwenye kalenda ya gereji moja Singida, akaibandika ndani ya lori lake, juu ya usukani.

Ila Marekani, kama Kanada, magari huendeshwa kulia, na ishara zile hazina maana. Toronto baba hakuwahi kukosea. Kule kila mtu ana njia yake, hakuna wa kumpisha. Ni hii barabara nyembamba, yenye joto na vichaka vikavu, iliyomrudisha Singida. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Mwenye pikapu nyuma yetu aliona indiketa ya kushoto na gari linapunguza mwendo, akadhani tunakata kushoto. Akaamua kutupita kulia. Na baba, kwa uungwana wake, alikuwa anasogea kulia kumwachia njia.

Nilifumbua macho ndani ya vumbi. Breki, changarawe, mama akimwita Yesu. Hatukugusana. Pikapu ilisimama mchangani hatua chache mbele yetu.

Dereva wake alishuka, mtu wa makamo. "Unakwenda wapi wewe? Kushoto au kulia?"

"Nilikuwa nakupisha, bwana," baba alisema, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Kunipisha?"

Hapo ndipo ningesema. Maelezo yalihitaji sentensi mbili, na mimi nilikuwa na kurasa tatu. Badala yake nilishuka na kusema kwa ile sauti yangu ya Toronto, ninayoitumia benki: "Tusamehe. Baba yangu amezeeka. Siku hizi akili haimkai sawa."

Yule mtu akalainika palepale. Akanigusa bega. "Pole. Mama yangu naye yuko hivyohivyo. Usimpe tena usukani."

Nikamshukuru. Nakumbuka kwamba nilimshukuru.

Kioo cha dirisha la baba kilikuwa wazi.

Alishuka, akazunguka gari, akakaa kiti cha nyuma juu ya khanga. "Endesha wewe, mwanangu." Siku tatu zilizobaki niliendesha mimi, naye akatazama milima myekundu upande wake. Tulipokifikia kituo cha mafuta cha zamani, kilekile cha kwenye picha aliyoibandika ndani ya lori, mama alimbembeleza ashuke tumpige picha.

"Nimeshakiona," alisema.

Nyumbani kwetu ni Weston, Toronto. Kila Jumapili, kwa miaka, baba amekuwa akiwazungukia bibi wanne wa Mount Dennis, mtaa wa jirani, na kuwapeleka kanisani. Hakuna aliyemtuma, alisema dereva hastaafu. Jumapili ya kwanza baada ya safari nilimkuta sebuleni amevaa koti, simu sikioni, ufunguo wa gari mezani.

"Hapana, bibi, tafuteni mwingine. Macho ni mazima. Ni akili." Nikasikia bibi akicheka upande wa pili, akidhani ni utani wake wa kawaida.

Alipokata simu nikamwambia, "Baba, nilikosea. Ningemweleza yule mtu."

"Ungemweleza nini?"

"Ile indiketa. Nilijua maana yake."

Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Najua ulijua. Kitabu chako nimekisoma mara mbili."

Nikauchukua ufunguo. "Basi twende, nikupeleke. Tuwapitie na wale bibi."

"Basi la saa tatu linanifaa. Akili haijakaa sawa, lakini namba ya basi bado naisoma."

Akautoa ufunguo mkononi mwangu taratibu, akaurudisha mezani pale ulipokuwa, akavaa kofia, akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.