Bomba Lililopita Chini ya Chai Yetu

Siku ya pili baada ya kuolewa, mama mkwe alinishika mkono akanipeleka mtoni. Mkebe wa maziwa ya jioni ulikuwa umezamishwa majini, umefungwa kwa kamba kwenye mzizi. Akaniambia niuguse.

"Sikia vile imepoa. Hapa friji ni ya nini?"

Watoto wangu walipozaliwa walimwita kogo, yaani nyanya, nami nikajikuta namwita hivyo hivyo. Mto ule ulitoka juu kwenye mashamba makubwa ya chai, ukapita chini ya shamba letu, ukateremka kuelekea Sigor. Ng'ombe walikunywa hapo, nguo tulifulia hapo, sukuma wiki tuliinyweshea hapo. Haikunijia akilini kwamba ungeweza kuisha.

Watu wa mradi wa maji walitujia kanisani. Mchungaji aliwapa nafasi baada ya matangazo. Mmoja wao, mwanamume mpole aliyezungumza kama mwalimu, alisema kule mjini, mbali sana na sisi, watu ni wengi na mifereji imekauka, lakini bonde letu limebarikiwa, na maji ya mto wetu yatapelekwa huko kwa bomba. Tutajengewa kioski cha maji. Vijana wetu watapata kazi. Kogo akasimama, leso yake mkononi.

"Na sisi mtatuachia nini?"

"Mama, maji yatabaki ya kutosha."

"Ya kutosha nani?"

Watu walicheka. Mchungaji akatuomba tufumbe macho, tumshukuru Mungu kwa wageni.

Mtaro ulipita katikati ya chai yetu. Mume wangu alikuwa ameipanda na baba yake, akiwa bado anavaa kaptura ya shule, na sasa alisimama pembeni akitazama tingatinga likiing'oa. Mabomba ya chuma yakalazwa, udongo ukarudishwa, tukaambiwa tusipande kitu chochote juu yake isipokuwa nyasi.

Msimu wa mvua hatukuona tofauti. Kiangazi kilipokuja, mto ulianza kunyauka kwenye kingo, kisha mawe yakatokea ambayo hata kogo hakuwahi kuyaona. Mwishowe vikabaki vidimbwi vya kijani. Kioski kilikuwa kimejengwa, kikapakwa rangi nzuri ya buluu. Mfereji wake ulikoroma upepo kidogo siku ya kufunguliwa, ukanyamaza. Wenye ng'ombe walianza kuwateremsha soko la Siongiroi, na kwa sababu kila mtu alikuwa anauza, waliokonda walirudishwa nyumbani.

Sisi tulikuwa na mtamba mwenye mimba, karibu kuzaa. Mume wangu akasema tumpeleke juu, kwenye ukuta wa zege unaozuia mto na kuuingiza kwenye bomba. Tulitoka asubuhi, kogo akakataa kubaki. Tulipofika tuliona maji. Mengi, yametulia, nyuma ya ua wa waya. Mtamba aliyanusa, akalia.

Mlinzi alikuwa Mkisii wa makamo aliyewahi kuchuma chai kwenye mashamba ya huko juu. Kogo akamwomba.

"Baba, fungua kidogo tu. Huyu ana mtoto tumboni."

"Mama, sina ruhusa. Kuna kamera hapo, wananiona kutoka ofisini. Na mimi nina watoto."

"Nimesikia uko na watoto. Sasa huyu anywe nini?"

Yule mtu aliangalia chini. Akaingia kibandani mwake, akatoka na mtungi wa maji yake ya kunywa, akayamimina yote kwenye karai na kulisukuma chini ya waya. Mtamba alikunywa akaramba karai mpaka likageuka. Tulipokuwa tunarudi alilala kando ya barabara. Tulimvuta, tulimsukuma, mume wangu akamwita kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuisikia tena. Hakuamka. Alifia hapo hapo, na ndama wake tumboni.

Kesho yake, kabla hatujanywa chai, mume wangu alichukua sururu akaenda kuchimba kwenye ule ukanda wa nyasi. Majirani wakamwona, wakaja na majembe yao. Walipolifikia bomba walilipiga kwa zamu. Chuma hakikupasuka, rangi tu ndiyo iliyobanduka. Kogo akateremka shimoni kwa matako, polepole, akaweka sikio kwenye bomba. Watu wote wakashusha majembe.

"Inapita," akasema. "Ni mingi. Inapita tu."

Akaanza kulia, mwanamke ambaye hakulia mbele yetu hata alipomzika mumewe.

Polisi walimkuta mume wangu bado na sururu mkononi. Walimfunga pingu wakampeleka, wakamwachilia baadaye kwa onyo kwamba akiligusa tena bomba atafungwa. Gari la maji lilitumwa likatugawia, likarudi mara moja, kisha hatukuliona tena. Tulirudia vidimbwi. Tulichuja kwa kitambaa, tulichemsha tulipopata kuni. Kogo alipatwa na homa ya matumbo. Hospitalini daktari aliniambia nimpe maji safi kwa wingi.

Alipona, lakini miguu haikurudi kuwa na nguvu. Hapo ndipo mume wangu alipotamka jambo tulilokuwa tunaliogopa wote wawili. Mmoja wetu aende juu kwenye maji. Mimi ndiye niliyeenda. Nimepanga chumba huko, ukipita ule ukuta na kupanda, na ninachuma chai ya watu. Jioni najaza mitungi kwenye kijito, asubuhi naipakia kwenye bodaboda iende nyumbani. Watoto wako kwa dada yangu, huko Kabianga. Mume wangu amebaki na mama yake na ng'ombe mmoja.

Juzi alinipigia simu akasema kogo amekataa kuoga, anasema maji ninayotuma yawe ya kunywa peke yake.

"Mpe nimwongeleshe," nikasema.

Kogo akashika simu. Nilisikia pumzi yake.

"Huko inatiririka?" akaniuliza.

"Inatiririka, kogo."

"Nionyeshe niisikie."

Nikateremka kijitoni na viatu vyangu, nikainama, nikaishikilia simu karibu na maji mpaka mkono ukachoka. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado anasikiliza, na sikuwa na moyo wa kukata.