Ngozi ya Ngoma ya Chifu

Anayetaka kusifu watawala wa zamani asije kwangu. Nilipokuwa msichana mdogo, kabla ya uhuru, kwetu upande wa Isingiro tulikuwa na chifu mdogo asiyejua kutosheka. Mukama, mfalme wetu aliyekuwa juu yake, aliridhika na ngoma alizorithi kwa babu zake. Huyu mlafi, ambaye hakurithi hata kibuyu, alitaka ngoma yake mwenyewe, tena iwambwe ngozi yenye mabaka ili watu waione kutoka mbali.

Ngozi hiyo ilikuwa bado mwilini mwa ng'ombe wa mama, ng'ombe tuliyemkamua asubuhi na jioni. Watumishi wa chifu walikuja wakamswaga. Baba akapiga magoti akashukuru, maana mtawala akikunyang'anya kitu, ilikuwa lazima umshukuru.

Tangu hapo kila alfajiri ngoma ililia kutangaza kwamba bwana mkubwa ameamka. Mama aliacha kumenya ndizi, akatuambia, "Mwitikieni, ng'ombe wetu analia."

Chifu alijigamba kwamba jina lake halitasahaulika. Nimelisahau. La ng'ombe yule ninalikumbuka mpaka leo.