Watu wa Mkia wa Filamu

Katika jumba lile la sinema, wafagiaji hawaingii ukumbini mpaka picha ikaribie kwisha. Husimama nyuma ya pazia zito la mlangoni, ufagio mkononi, ndoo miguuni, wakingoja majina yaanze kupanda kwenye skrini na taa ziwake. Ndiyo maana yule mama kijana, aliyeajiriwa pale baada ya mumewe kusafiri, alizijua filamu nyingi sana, na zote alizijua kwa mkia. Alijua nani kaoa, nani kafa, nani kaachwa kituoni na begi lake. Walikoanzia hakujua.

"Sisi ni kama watu wanaofika harusini wakati wa kuosha vyombo," alisema mwenzake wa ufagio, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Bisi kwa jinsi alivyozilaani bisi zilizomwagwa chini ya viti. "Na hawa wanakula kama kuku. Nusu tumboni, nusu zangu."

Kila mwaka, tuzo kubwa za filamu zilipokaribia, jumba lilizirudisha zile zilizoteuliwa, ili aliyepitwa aziwahi kabla mshindi hajatangazwa. Karibu na dirisha la tiketi walipanga meza ya vitabu ambavyo filamu hizo zilitokana navyo. Watu walivishikashika wakavirudisha, mikono ina mafuta.

Mwaka huo kulikuwa na filamu moja iliyomng'ang'ania yule mama kijana. Mkia wake ulikuwa hivi: mwanamke anaanika mashuka uani, upepo mwingi. Geti linalia. Anageuka, kibanio cha nguo bado kiko mdomoni, na mwanamume aliyekonda amesimama pale, kofia mkononi. Basi, majina yanapanda. Mama Bisi alikuwa keshafika safu ya kati na ufagio wake, mama kijana bado kashika pazia.

Mumewe alikuwa fundi umeme kwenye ujenzi, nchi ya mbali. Saa zao za kazi hazikukutana, kwa hiyo walitumiana sauti kwa simu: huyu anasema akitoka zamu, yule anasikiliza akiamka. Alipomsimulia kile kipande cha geti, mumewe akacheka.

"Hiyo nimeiona. Walituwekea kwenye ukumbi wa chakula siku ya mapumziko. Jamaa anakwenda mgodini, mke anamsindikiza mpaka kwenye treni. Treni ikaondoka, na mimi nikaondoka nayo. Usingizi, mke wangu. Nimeamshwa watu wanapanga viti. Kwani alirudi?"

"Alirudi."

"Sasa alikuwa wapi muda wote huo?"

Hapo akakwama. Mmoja alishika kichwa cha filamu, mwingine mkia, na kiwiliwili hakikuwa kwa yeyote. Siku iliyofuata alimwomba dada wa tiketi amwazime kitabu kutoka pale mezani. Dada yule alitazama kulia na kushoto, akakisukuma chini ya dirisha. "Mtoto asikitafune tu."

Masomo yake yaliishia shule ya msingi, na tangu hapo alichosoma zaidi ni kadi ya kliniki na maelezo ya dawa ya kikohozi. Kitabu alikisoma kwa kidole. Kwanza ukurasa kimoyomoyo, mpaka aelewe nani anasema nini, kisha mchana mtoto akilala anausoma kwa sauti na kumtumia mumewe. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alijifanya hasikilizi.

"Huyo mwanamume ana mwanamke huko," alisema siku moja, macho kwenye ungo. "Mgodi gani usio na simu?"

"Mama, mgodi umeporomoka."

"Umeporomoka leo. Mwezi uliopita je?"

Maneno hayo yaliingia kwenye simu pamoja na hadithi, na jibu la mumewe lilikuja na kicheko: "Mwambie mama aache kumchongea mwanamume mwenzangu. Haya, endelea. Hapa hata wenzangu wa chumbani wanauliza imefika wapi."

Alikisikiliza kile kicheko akiwa anafua, akakisikiliza tena akiwa ananyonyesha. Nyuma ya sauti kulikuwa na feni inayogonga na mtu anayekohoa. Alianza kumjua yule mkohozi kuliko majirani zake.

Halafu ukaja ujumbe mwingine, mfupi. "Mkataba unaelekea kwisha. Wanasema anayetaka kuongeza aweke sahihi wiki hii. Sijui. Nyie mnaonaje?"

Neno la kujibu lilikuwa moja, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: mtu aliyetoka kutafuta haambiwi rudi. Anatakiwa kazi njema, anaombewa, basi.

"Mwanamume haitwi kama kuku wa jioni," alisema mama mkwe. "Hata baba yake sikumwita."

"Na alirudi?"

Ungo ulipepetwa mara kadhaa kabla ya jibu. "Alirudi mzee."

Kwa hiyo alimjibu mumewe kama mke wa nyumba ile anavyojibu: "Wewe ndiye unayeijua kazi." Tumaini lake akaliweka kitabuni. Zilibaki kurasa chache. Atakapomsomea pale kwenye geti, kofia mkononi, mkewe kageuka, hatahitaji kuambiwa. Atajiona mwenyewe.

Aliisoma sura ya mwisho akiwa nyuma ya pazia, akingoja majina. Mashuka yalikuwepo. Upepo ulikuwepo. Geti likalia, mwanamke akageuka. Ulikuwa upepo tu. Akakitoa kibanio mdomoni, akabana shuka, akainama kuchukua lingine.

Akafunua ukurasa. Mweupe. Akakichungulia kitabu mgongoni kama kuna karatasi zilizochomoka, kisha akaenda nacho dirishani.

"Dada, hiki kimekatika mwisho. Mume hajarudi."

"Hakijakatika. Mwandishi hakumrudisha. Wa filamu ndio waliomrudisha."

"Kwa nini?"

"Nani alipe tiketi aje kulia? Na hata hivyo nasikia ndiyo itachukua tuzo."

Alitembea nyumbani akiupima uongo. Ulikuwa mdogo, na haukuwa uongo hasa. Macho yake yalimwona yule mtu getini, zamu baada ya zamu. Angeweza kufunga kitabu na kusimulia. Nani angemlaumu? Lakini mumewe alikuwa akimngoja amsomee, yeye na wenzake kwenye vitanda vyao, na kila walichosikia mpaka siku hiyo kilikuwa kimeandikwa.

Mtoto alipolala, akabonyeza simu, akasoma. Alisoma polepole mpaka kwenye shuka lile lingine. Kisha hakuiachia simu, ikaendelea kurekodi. Feni haikuwepo, mkohozi hakuwepo, kulikuwa na mchele tu unaoteleza kwenye ungo.

"Imeishia hapo," akasema. "Ile ya geti ni ya sinema. Wewe uliuliza tunaonaje. Mimi sitaki nigeuke nikute upepo. Rudi nyumbani, baba watoto. Usiongeze. Mwanao anajua kusema baba, ila anaiambia simu."

Mchele ulikuwa umenyamaza. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

"Umetuma?" mama akauliza.

"Bado."

"Tuma basi, mwanangu. Unangoja nini?"

Jibu lilikuja kesho yake, yuko kwenye ngazi za nyuma za jumba anakung'uta vumbi. Kwanza pumzi ndefu. Kisha: "Nimesikia. Hata wenzangu, hakuna aliyetania. Siongezi. Lakini huu wa sasa lazima niumalize, na bado una miezi. Utanivumilia?"

"Nakuvumilia," aliiambia simu kabla hajabonyeza chochote, kama mwanawe.

Jioni ile aliuangalia upande wa mumewe kitandani. Tangu aondoke alikuwa akiurundika nguo safi zinazongoja kukunjwa, ili pasionekane wazi. Alizikunja moja moja, akazihamishia kwenye kiti, akaunyoosha mto. Kisha akamchukua mtoto akalala naye palepale pake pa siku zote, pembeni, ukutani, na ile nafasi kubwa akaiacha wazi.