Butura ya Mpira

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sifa zangu sitalifikia. Nilifuta ukurasa mmoja kwenye mtandao. Ulikuwa ukurasa mfupi wa mistari minne, na chini yake kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nimeelewa, endelea". Niliufuta Jumanne asubuhi, nikanywa chai na chapati, nikajiona fundi.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha soko la kubeti. Msilichanganye na yale maduka ya kubeti yenye televisheni ukutani na vijana wamekunja nne tangu asubuhi. Kule unabeti na kampuni. Kwetu watu walibeti wao kwa wao. Wewe unasema timu fulani itashinda, mtu mwingine usiyemjua, yuko Geita au Tunduma huko, anasema haishindi. Sisi tunawakutanisha, tunawashikia pesa mpaka mechi iishe, tunakata chetu, tunampa aliyepatia. Mwenzangu niliyesoma naye chuo alikaa Mwanza akishughulika na leseni na wanasheria. Mimi nilikaa Nkwenda, vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka watu wa kwetu wanione. Mtoto wa kike aliyesomeshwa kwa kahawa, leo ana kompyuta tatu, sola juu ya bati na wafanyakazi wawili wanaomwita bosi. Kichwa kilinivimba, jamani.

Lakini soko lilikuwa linachechemea. Kila mtu alitaka kusema timu itashinda. Wa kusema haishindi walikuwa wachache mno, na soko lenye wanunuzi watupu si soko. Nilijaribu kuwaeleza mawakala wetu upande huo wa pili kwa maneno ya chuoni, wakaniangalia tu kwa heshima. Ndipo nikakumbuka butura.

Kwa asiyejua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mkulima amebanwa, mtoto anadaiwa ada au kuna mgonjwa, mavuno yako mbali. Anakuja mwenye pesa, anaangalia mibuni iliyochanua, anatoa bei ya kutupa, na kahawa hiyo inakuwa yake. Mvua ikikataa, hasara ni ya mnunuzi. Muuzaji amekwisha kula pesa yake na amelala. Serikali imepiga marufuku, kila mkutano viongozi wanakemea, na kila mwaka watu wanafanya, huko ndani ya migomba ambako mkutano haufiki.

"Hii nayo ni butura tu," niliwaambia mawakala. "Anayesema timu itashinda ananunua ua. Wewe unayepokea pesa yake unauza ua. Na maua ya timu ndogo mnayajua, karibu yote hupukutika."

Walicheka, wakaelewa papo hapo. Gulio lililofuata habari ilikuwa imeenea Nkwenda yote na kufika Kibingo, kwamba kuna butura ya mpira ambayo safari hii mkulima ndiye anayefaidi. Nami nikaandika hivyo hivyo kwenye mtandao: nunua ua, uza ua. Mwenzangu alifurahi mpaka akanitumia vocha.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakijua na nikakinyamazia. Mfano wangu ulikuwa mbovu. Kwenye butura ya kweli, muuzaji akishapokea pesa hana deni na mtu. Kwenye soko letu, timu ndogo ikishinda, aliyeuza ua ndiye anayemlipa mnunuzi, tena mara ishirini au thelathini ya kile alichopokea. Fedha hiyo tunaifunga kwenye salio lake tangu dakika anayouza. Ule ukurasa wa mistari minne ndio uliokuwa ukisema haya, kwa herufi kubwa: timu hii ikishinda utalipa kiasi hiki, na kuanzia sasa tunakishikilia. Nilikuwa naona kwenye kompyuta jinsi watu wanavyofika pale, wanasoma, wanatoka. Walikuwa watu wenye akili timamu.

"Dada, wateja wanakwama pale," mwenzangu akanipigia. "Hebu punguza usumbufu."

Nikaupunguza: nikaufuta ule ukurasa. Maelezo yote niliyashusha chini ya ukurasa unaofuata, herufi ndogo za kijivu. Nikaona nisiishie hapo; nikaunganisha salio lililofungwa na lisilofungwa lionekane namba moja tu, ili ukurasa uwe safi. Kisheria hatukuvunja kitu. Wauzaji wakamiminika, na mwenzangu akawa ananiita mchawi.

Mmoja wa waliomiminika alikuwa baba mdogo.

Huyu ni mdogo wake baba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na ni yeye aliyenilea pale Chonyonyo, nyumba ileile, migomba ileile. Mwaka nilipochaguliwa kwenda chuo kahawa ilikuwa mbaya, ikabidi aweke rehani kwa jirani yetu sehemu ya chini ya kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Sehemu hiyo ndiyo yenye kaburi la baba. Kwa desturi yetu ardhi ya ukoo hukombolewa. Waliandikishana mbele ya wazee kwamba akirudisha fedha kabla haujafungwa msimu wa kahawa wa mwaka huu ninaousimulia, kibanja kinarudi. Asiporudisha, ni cha jirani moja kwa moja. Kwa hiyo miaka yote nikiwa chuoni, na baada ya hapo, mzee alikuwa anadunduliza. Na msimu huo chama cha msingi cha wakulima kilipolipa, fedha zikatimia.

Akanipigia kwa furaha. "Mwanangu, zile za kukombolea nimeziweka kwako."

"Kwangu wapi, baba?"

"Kwenye hilo soko lako. Wakala amenisaidia. Benki wananikata, nikikaa nazo kwenye simu shangazi zako wananimaliza kwa shida zao. Zikiwa kwako si ziko nyumbani?"

Hapo ingetosha kumwambia, baba, zitoe leo hii. Nilicheka. Nilimwambia amefanya vizuri. Niliona fahari kwamba mzee anayebeba Biblia kila Jumapili ameniamini kuliko benki, na nikazungumza na wafanyakazi wangu kuhusu jambo hilo kama kichekesho kizuri.

Naye, pesa ikiwa imekaa pale, akaanza kuuza maua. Kidogo kidogo, za sukari na mafuta ya taa. Jumamosi hii anaingiza, Jumamosi ijayo anaingiza, kwa sababu timu ndogo kweli hupigwa. Akaongeza. Kwa hesabu ya butura hakuwa anahatarisha kitu. Alikuwa anawauzia wajinga wa mjini maua yasiyozaa. Salio lilionekana limejaa kama lilivyokuwa. Niliiona namba yake kwenye orodha ya wauzaji wakubwa wa wilaya nzima. Nitadanganya nini? Niliiona, nikatabasamu, nikafunga kompyuta.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo timu ndogo ya huko Ulaya, hata jina lake mtangazaji alikuwa analitafuna, ilifunga bao dakika za nyongeza. Pale ofisini wafanyakazi wangu walishangilia. Si bao walilolishangilia, ni mtambo: malipo yalitoka kwa wauzaji kwenda kwa wanunuzi kwa sekunde chache, haukukwama hata mahali pamoja. Nami nilishangilia. Nilikuwa nimehangaika na mtambo ule miezi. Kisha nikafungua orodha ya walioliwa, na namba yake ilikuwa ya tatu kutoka juu. Kilichobaki kwenye salio lake kisingenunua kilo mbili za sukari.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu msimu ufungwe.

Wiki tatu ni nyingi. Nilikuwa na fedha. Tulikuwa tumetenga za kununua seva kubwa zaidi, na robo yake tu ingekomboa kibanja. Nilimweleza mwenzangu juu juu, kwamba kuna ndugu yangu ameliwa. Akasema kanuni ni kanuni, ukimrudishia mmoja utawarudishia wote. Nilijibu kwa huzuni ya kujifanya, maana ndani nilishukuru amesema yeye. Ningelipa ningeulizwa kwa nini nalipa, na ningeulizwa na baba mdogo kwanza kabisa. Ningesema nini? Kwamba palikuwa na onyo na mwanao akalifuta kwa sababu lilikuwa linafanya kazi?

Basi nikamsubiri anipigie. Nilisema moyoni akilalamika tu, nitalipa siku hiyohiyo. Hakupiga. Nikapiga mimi, mara mbili. Tukaongea habari za mvua, za senene kuchelewa, za ng'ombe wa jirani walioingia shambani.

"Na huko mko salama, baba?"

"Tuko salama kabisa, mwanangu. Wewe chapa kazi."

Yeye anaficha aibu, mimi naficha dhambi, na kila mmoja anamtakia mwenzake siku njema. Wiki tatu zikakatika hivyo. Aliyeniambia ni mama mdogo, mke wake, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: jirani amekuja na wazee, tumekabidhi kule chini.

Nilipanda pikipiki na fedha zikiwa kwenye begi. Sasa nilikuwa nazo, eti. Nilianzia kwa jirani. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno yaliwekwa mbele ya watu na msimu umepita, yeye naye ana watoto wa kuwagawia. Hakunikosea. Aliniahidi kaburi halitaguswa, na nilipopita kulitazama nikakuta amekwisha kupanda machipukizi ya migomba mpaka hatua mbili kutoka kwenye msalaba. Nilikaa pale nikalia. Sikumlilia baba, nilijililia mwenyewe, na hata hilo lilinichukiza.

Baba mdogo nilimkuta uani anageuza kahawa ya maganda kwenye turubai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akaweka reki chini, akakaa kwenye kigoda, akanionyesha nikae. Akasema alikuwa na neno zito na alikuwa anatafuta siku ya kuniambia.

"Nisamehe. Nimekuaibisha. Watu watasema mtoto ana soko lake, halafu mzee wake hajui hata kulitumia. Nimepoteza kitu cha kaka yangu kwa ujinga." Alikuwa anaangalia vidole vyake. "Sasa nionyeshe nilikosea wapi, ili niwaonye na wenzangu."

Nikatoa simu, nikafungua ule ukurasa, nikamwonyesha chini kabisa. Aliichukua, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaifuta kwa shati, akarudia tena.

"Hapa pana maneno?"

"Pana maneno, baba."

"Yanasema nini?"

Nikamsomea. Akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe palikuwa pameandikwa. Basi hapana lawama kwa soko lako. Ni macho yangu."

Pale ndipo mahali pangu pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, mtu amenifungulia mlango na kunishikia. Neno lilifika mpaka mdomoni: palikuwa na ukurasa mwingine, baba, wa herufi kubwa, ungeusoma hata bila taa. Badala yake nikamwambia ni umri tu, hata wengine yanawapata. Akanipigapiga begani, akanipoza. Yeye ndiye aliyenipoza.

Jumatatu niliurudisha ule ukurasa ulivyokuwa. Wauzaji wakapungua, mwenzangu akanuna, tukarushiana maneno, na mwisho nikamwachia soko lake. Watu wananisifia kwa hilo, kwamba niliacha pesa. Nawaacha wasifie.

Na wiki ileile nilimchukua baba mdogo nikampeleka Kayanga kwenye kliniki ya macho, nikamnunulia miwani. Fremu nzuri, si zile zinazopangwa barabarani. Alisoma kila kitu njia nzima, vibao vya maduka, maandishi kwenye mifuko ya saruji, tarehe kwenye chupa ya soda. Jumapili, kwenye kipindi cha shukrani, akasimama kanisani na mkungu mkubwa wa ndizi aliouleta kama sadaka. Akaivua miwani ili watu wote waione. Akasema anamshukuru Mungu kwa mtoto ambaye, baada ya mzee wake kumtia hasara na aibu, hakumkemea hata kwa neno moja, bali alimnunulia macho. Waumini wakapiga makofi, wengine wakageuka kunitazama kwenye benchi la pili. Nami nikapiga makofi.