Pijo Langu na Vibao vya Mzee Lyimo

Nilikwenda Marangu kwa sababu ya mke wangu, ingawa yeye hakutaka niende. Miaka ile magari ya mtumba kutoka Dubai yalikuwa yakiingia Moshi kila wiki, na Pijo 404 langu lilikuwa limesimama uani kwetu Pasua, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu, Mama Neema, alishapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia chama chetu cha magari ya zamani kina ziara ya siku moja, kwenda kuona makumbusho ya mashine za kale, na nitakwenda na Pijo.

"Sawa, Baba Neema," alisema. "Likirudi lenyewe, linabaki. Likirudi linavutwa, linauzwa. La kuvunda halina ubani."

Saa mbili asubuhi tulikutana kituo cha mafuta. Chama kina wanachama kumi na mmoja na magari matatu yanayowaka. Mwenyekiti wetu, Bwana Karim mwenye duka la vipuri, alikuja na gari la Dubai, maana lake la zamani liko gereji mwaka wa pili. Alitoa hotuba ya nusu saa juu ya kutunza urithi. Landrova ya mwenzetu mmoja ilizimika katikati ya hotuba ikakataa kuwaka tena, na sikuilaumu.

Njiapanda ya Himo tulisimama kupoza rejeta yangu. Abiria wangu wanne walikula ndizi za kuchoma wakisifia vyuma vya Ulaya. Kutoka hapo barabara inapanda, na kila mlima uliponishinda walishuka kusukuma. Ziara ya magari, watu wanatembea kwa miguu.

Saa tano na nusu tukafika Marangu. Makumbusho yenyewe ni banda la mabati katikati ya migomba ya Mzee Lyimo, fundi mstaafu wa kiwanda cha kahawa. Nilitegemea kuona mitambo ya Wajerumani. Nikakuta jenereta, mizani na mashine ya kumenya kahawa, vitu vilivyokuwa vikifanya kazi juzi tu. Kiwanda kilipouzwa kwa mwenye mali mpya vilitupwa nje, na mzee akaomba apewe vitu hivyo badala ya kiinua mgongo. Kila mashine aliitundikia kibao alichokiandika kwa mkono: jina la mashine, kazi yake, na mwisho maneno yaleyale, "Haikufa. Iliuzwa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, shikeni popote, hazina kutu." Akatuwashia jenereta, ikaitikia mara moja.

Basi, mdomo wangu una breki mbovu kuliko za gari langu. Nikasema kwa sauti, wenzangu wasikie: "Mke wangu angekujua mapema asingehangaika, mzee. Kumbe vyuma chakavu vyote vya mkoa umejilundikia wewe."

Wakacheka, na Bwana Karim akacheka kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Mzee hakucheka. Alizima jenereta, akafuta mikono, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Saa nane, wakati wa kuondoka, niliwasha gari mkanda wa feni ukakatika. Bwana Karim hakuwa na mwingine. Vipuri vya Pijo aliacha kuviagiza zamani. Na pale bandani ilining'inia mikanda ya kila upana. Nikabisha hodi kwa mzee.

"Nenda zako," alijibu kutoka ndani. "Chuma chakavu hakitengenezi chuma chakavu."

Mdomo uliponza kichwa. Nikaenda mpakani mwa kihamba chake, lile shamba la migomba, nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo, nikasimama nalo mlangoni kwa mikono miwili. Kwetu Wachaga, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, na ndiyo maana nililitumia. Lakini niliona aibu pia, nisiseme uongo. Nilikuwa nimemcheka mtu mbele ya kazi yake yote ya maisha.

"Nimekosa, baba."

Alifungua, akalitazama lile jani, akalitazama tena. "Nimekusamehe," alisema, kwa sura ya mtu aliyelazimishwa. Akakata mkanda wa mashine ya kahawa, akauunga, akaufunga kwenye Pijo. "Huu utakufikisha Pasua. Hayo mengine ni juu yako."

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeshapita Himo bila kusimama. Nilipoiona nyumba yangu nikapiga honi ndefu, Mama Neema atoke ashuhudie, nikabadilisha gia kwa mbwembwe na kukanyaga mafuta. Chini kukasikika mlio wa kitu kinachosagika. Mkanda wa mzee ulikuwa mzima. Iliyovunjika ni difu, gia za kuzungusha magurudumu ya nyuma. Bwana Karim alinivuta kwa kamba hatua mia moja za mwisho, na mlangoni alisimama mke wangu pamoja na mnunuzi.

Nilikuwa nimechuma majani mawili. Nikatoa la pili mfukoni. Mama Neema ni binti wa Kibosho, Mchaga kama mimi, akalipokea kwa heshima zote.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Isale ni la mtu. Gari linaondoka."

Aliniachia jambo moja tu, kuchagua liende wapi. Jumamosi iliyofuata nikalipandisha Marangu juu ya lori, na Mzee Lyimo akanionyesha nafasi kando ya jenereta bila kuniuliza neno. Nilichojifunza ni kwamba kuna chuma kinachouawa na kuna chuma kinachokufa, na mimi sikuwa najua tofauti. Mzee anaijua. Nilipopanda kumsalimia baada ya mwezi, nilikuta ameshaliandikia kibao:

"Pijo 404. Lilibeba watu wa maneno mengi. Hili halikuuzwa. Lilikufa lenyewe."