Leso Ilipepea, Maji Hayakupanda

Nakumbuka mchana ule kwa mikono yangu, mwanangu, maana ndiyo iliyoanza kutetemeka kabla akili haijajua kwa nini. Nilikuwa binti bado, nasoma ufundi mitambo kwenye chuo kimoja hapa Lindi, msichana peke yangu kati ya wavulana watupu, na mdomo wangu huu mnaoulalamikia leo ulikuwa umeshaanza. Lakini siku ile mdomo ulikauka.

Mdogo wangu Selemani, tumbo moja mimi na yeye, alikuwa fundi rangi. Yeye na wenzake walipata kazi kule Mitwero, kupaka tangi la maji lililochimbwa chini ya ardhi. Unaingilia tundu dogo, unashuka ngazi, ukifika chini ni giza na taa moja ya kuning'iniza. Na ile rangi ya kuzuia maji, loo, inanuka kama umetumbukiza kichwa kwenye pipa la petroli. Ndiyo maana waliwekewa feni huko juu, iwasukumie hewa safi kwa bomba refu mpaka chini. Si feni ya darini hiyo. Ni ile yenye tumbo la duara kama konokono: inavuta hewa ubavuni, mapanga ya ndani yanaizungusha, kisha inaitupa nje kwa mdomo mmoja.

Wakiwa kazini, mwenzake mmoja, Athumani, akaanguka humo ndani. Wala hakupiga kelele. Selemani alimwona anacheka peke yake, kisha brashi ikamdondoka, kisha miguu ikamwishia. Wakamfunga kamba wakamvuta juu, akapelekwa hospitali hajitambui.

Basi kila mtu akasema lake. Msimamizi wao akaiwasha feni, akaweka mkono mdomoni mwa feni: upepo tele. Akatoa leso ya mfukoni akaiinua, leso ikapepea. "Feni nzima hii," akasema. Sasa kama feni ni nzima, kilichomwangusha mtu ni nini? Wakasema tangi lina mwenyewe, jini. Akatafutwa mtu wa kuwasomea dua, na kazi iendelee kesho yake, Selemani akiwa wa kwanza kushuka.

Dua njema, mwanangu, mimi mwenyewe silali bila kusoma. Lakini mama yetu aliposikia habari ile hakuuliza habari za jini. Alimwambia Selemani, "Hushuki humo mpaka dada yako aiangalie hiyo feni. Ukishuka, usiniite mama tena." Mwanamume mzima alinuna, akasema anaaibishwa mbele ya wenzake, ila neno la mama ni zito. Akambembeleza msimamizi, wakaipakia feni kwenye gari, wakaileta chuoni.

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa Mwalimu Chilumba, mtu wa uwanda wa Makonde, mkimya sana, na ukimwamkia "shikamoo" aliitikia "marahaba" huku anakutazama kama mtu anayekupima. Hakuuliza maneno mengi. Alituambia tuifunge feni pale kwenye meza ya majaribio, tuiunganishe na bomba letu. Mwisho wa bomba kuna kifuniko cha kuzungusha, unakibana kidogo kidogo. Ubavuni kuna tundu lenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye mrija wa kioo uliopindwa, ndani yake maji mekundu. Feni ikisukuma kwa nguvu, maji yanapanda.

"Hewa ikitoka wazi haikuambii kitu," alimwambia Selemani. "Kule kwenu ina bomba refu lenye kona. Kifuniko hiki ndicho kona zenu."

Nikawasha. Mama yangu! Karatasi ziliruka, na kofia ya Selemani ilimtoka kichwani ikagonga ukuta. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwenzake aanguke. "Unaona, dada? Nenda kamwambie mama." Msimamizi naye alikuwa nje anapiga honi, ana haraka ya kurudi.

Nikaanza kubana kifuniko. Maji yakajivuta kidogo, yakatulia. Nikabana tena. Yametulia tu. Nyuma ya kioo palikuwa na alama ya chaki tuliyoiweka tulipopima feni nyingine ya ukubwa ule ule, na maji yalikuwa chini kabisa ya ile chaki, wala hayaonyeshi dalili ya kuikaribia. Hapo ndipo mikono ilipoanza. Nilimtazama ndugu yangu anaokota kofia, anaikung'uta vumbi.

Mwalimu akasimama nyuma yangu. "Unaona nini?"

"Maji..." Sauti haikutoka.

"Sema kwa nguvu. Anayeshuka ni ndugu yako, si mimi."

"Maji hayapandi, mwalimu!"

Selemani akanigeukia kwa hasira. "Dada, acha hizo! Kofia yangu imeruka hapa unaiona, halafu unaamini vimaji vya kwenye kioo? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Kijana," mwalimu akamwambia taratibu, "leso hata mtoto akiipuliza inapepea. Ukifika chini utapumua leso?"

Mwalimu akaniambia nizime swichi, niache kuangalia upepo, niangalie mapanga. Nikakaza mtandio wangu nyuma ya shingo, nikainama nikachungulia ubavuni bila kusogea karibu. Mwanzo huoni kitu, ni ukungu mtupu. Yakapunguza mwendo, yakapunguza, mpaka nikaweza kuyaona moja moja. Kwenye tumbo la feni kulikuwa na mshale uliozibwa na matone ya rangi yao wenyewe. Nikaukwangua kwa kucha. Mshale unaelekea huku, mapanga yanakwenda kule.

Feni ile ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Mota yake ilikuwa imesukwa upya kwa fundi, na katika kuirudishia nyaya, mbili zikabadilishana. Na ubaya wa feni ya namna ile ni kwamba ikigeuka kinyume haivuti upepo kurudi ndani, maana hapo ungeshtuka mapema. Inaendelea kutoa upepo mdomoni mwake kama kawaida, ila mnyonge. Ukiukaba kidogo tu unakufa njiani. Juu ya tangi leso ilikuwa inapepea, na chini Athumani alikuwa anavuta rangi.

Tukazibadilisha zile nyaya mbili, tukawasha. Selemani hakusubiri kuambiwa. Alitoa leso yake mwenyewe akaiinua mbele ya bomba. Leso ikapepea. Vilevile, mwanangu! Haki ya Mungu, ungesimama pale na macho yako makali hayo usingejua ipi ni ipi. Nikabana kifuniko mpaka pale pale nilipokibana mwanzo. Maji mekundu yakapanda, yakapanda, yakaifikia chaki.

Ndugu yangu aliyatazama yale maji, akaitazama leso, akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo Athumani hakukabwa na jini," akasema. "Na kesho ilikuwa zamu yangu."

Alishuka, ndiyo, kazi ni kazi. Lakini nilikwenda naye Mitwero nikakaa mdomoni mwa tangi kutwa nzima, naita "Selemani!" naye anaitika kutoka chini, "Niko, dada!" Akichelewa kuitika, moyo unanipasuka. Wenzake walinicheka mpaka wakachoka. Athumani alipona, alhamdulillahi, ila mpaka kesho nyumba ikipakwa rangi mtaani kwake yeye huhamia kwa shemeji yake.

Nimekusimulia haya kwa sababu nawe sasa unakwenda kuanza ufundi, na juzi uliniambia, "Bibi, mashine inafanya kazi, unaogopa nini?" Naogopa hapo hapo, kwenye hiyo "inafanya kazi" yako. Feni ingekuwa imekufa kabisa, nani angeshuka? Iliyotaka kuniulia ndugu ni ile iliyopepesha leso. Basi kitu chochote utakachomwekea mtu roho yake juu yake, kikabe kwanza, uone kama bado kinasukuma. Mikono ikikutetemeka usiifiche mfukoni, na sauti ikikwama itoe hivyo hivyo na mikwaruzo yake, hata kama ndugu yako atanuna na honi inapigwa nje.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona maji yasiyopanda, akupe na ulimi wa kuyasema. Na kila utakayemshusha gizani kwa kazi ya mikono yako, ukimwita, Mungu ajaalie aitike, "Niko."